Mlango, mlinzi au mkaguzi? Njia tano za kuilinda ndege ya abiria dhidi ya watekaji

Ndege ikitekwa popote duniani, ubishi unaofuata huwa ni ule ule. Mmoja atasema wakaguzi wa uwanjani walikuwa wamelala. Mwingine atauliza kwa nini ndani ya ndege hapakuwa na askari. Wa tatu, ambaye mara nyingi ana ndugu anayefanya kazi uwanja wa ndege, atakwambia mlango wa rubani ukishafungwa basi, habari imekwisha. Wote watatu wana mifano ya kweli, ndiyo maana hawamalizani.

Hapa chini nimeziweka hoja zao pamoja, kwa faida ya mwenye kampuni ndogo ya ndege, mjumbe wa kamati inayopanga bajeti, mwanafunzi anayejiandaa na mdahalo, au abiria tu anayetaka kujua kwa nini anavuliwa mkanda. Uokoaji wa makomando, kama ule wa Entebbe Julai 1976 au wa Mogadishu Oktoba 1977, nimeuacha nje. Makomando huitwa kinga zote zikishashindwa, na hapa tunazungumzia kinga.

## Vipimo kwanza

Kila njia nitaiuliza maswali manne: inamzuia nani, inagharimu nini, ikishindwa au ikigeuzwa inakuwaje, na inamfaa nani.

Swali la kwanza ndilo watu wanaloliruka, na ndilo linalozaa ubishi usio na mwisho. Mtekaji si mtu wa aina moja. Vijana walioiteka Boeing 737 ya Shirika la Ndege Tanzania tarehe 26 Februari 1982, ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, walitaka Mwalimu Nyerere aachie madaraka. Ndege ikapita Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted nje ya London. Huko Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa akiishi uhamishoni, alizungumza nao, na tarehe 28 wakajisalimisha. Mtekaji wa namna hiyo anataka kusikilizwa, na abiria walio hai ndio mtaji wake. Wale 19 wa Septemba 11, 2001 hawakuwa na dai la kujadiliwa. Ndege yenyewe ndiyo iliyokuwa silaha. Katikati yao wapo wanaotafuta hifadhi Ulaya, wapo wagonjwa wa akili wasiojua wanachofanya, na yupo yule ambaye hakuna anayependa kumfikiria: mfanyakazi mwenye kitambulisho halali shingoni.

Ukisikia mtu anasema njia fulani “haifanyi kazi”, mwulize ana yupi kati ya hao kichwani.

## Njia ya kwanza: ukaguzi wa uwanjani

Inamzuia nani. Anayetegemea silaha. Kati ya 1968 na 1972 ndege za Marekani zilitekwa mfululizo, nyingi zikielekezwa Cuba, na wakati huo abiria walikuwa wakipanda bila kupekuliwa. Novemba 1972 watekaji wa ndege ya Southern Airways walitishia kuiangusha kwenye kituo cha nyuklia cha Oak Ridge, Tennessee. Mwaka huo ukaisha vibaya kwa waliokuwa wakidai kwamba upekuzi utawakera wateja: kuanzia Januari 1973 kila abiria na begi lake la mkononi wakaanza kukaguliwa, na utekaji nchini humo ukaporomoka. Haki itendeke, makubaliano ya Marekani na Cuba ya Februari mwaka huo ya kuwashtaki au kuwarudisha watekaji nayo yalichangia.

Ukaguzi una kazi nyingine isiyoonekana: unamhamisha adui. Tarehe 6 Septemba 1970, huko Amsterdam, watu wanne walipanga kuiteka ndege ya El Al, shirika la Israel. Wawili walitiliwa shaka wakanyimwa nafasi. Hawakurudi nyumbani. Walikata tiketi za Pan Am, shirika la Marekani, siku hiyo hiyo, wakaiteka Boeing 747 hadi Cairo, na ikalipuliwa baada ya abiria kushuka. El Al ilijilinda. Jirani yake akalipa. Kwa hiyo uwanja mmoja kuwa mkali hakusaidii sana kama uwanja wa pili kwenye safari hiyo hiyo umelegea. Ndege ya Air France iliyoishia Entebbe ilitoka Tel Aviv, mahali penye upekuzi mkali, lakini watekaji walipandia Athens.

Inagharimu nini. Hii ndiyo gharama anayoiona kila msafiri. Ukienda Jomo Kenyatta, Nairobi, gari linasimama mbali kabisa na jengo; abiria mnashuka na kupita kwenye mashine, dereva anaendelea na gari, mnakutana upande wa pili. Kisha ukaguzi mwingine kwenye mlango wa jengo, kisha mwingine kabla ya kupanda. Kompyuta kwenye trei, mkanda kwenye trei, viatu wakati mwingine. Tangu mwaka 2006 vimiminika navyo vimebanwa katika viwanja vingi hadi mililita 100, na hapo ndipo shangazi anayempelekea mwanawe achari ya embe anapoachia chupa yake. Juu ya hayo kuna mashine, matengenezo yake, na mishahara ya watu wanaotazama skrini kwa zamu ndefu. Katika bajeti nyingi hii ya mwisho ndiyo inayokatwa kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo iliyopaswa kukatwa mwisho.

Ikishindwa inakuwaje. Mara nyingi haishindwi kwa uzembe. Visu vifupi vya chini ya sentimita 10 hivi viliruhusiwa ndani ya ndege za Marekani mwaka 2001, kwa hiyo mkaguzi aliyeviachia asubuhi ya Septemba 11 hakuvunja kanuni. Mwanya mwingine ni mtu wa ndani. Februari 2016 ndege ya Daallo ililipuliwa dakika chache baada ya kuruka kutoka Mogadishu. Kompyuta iliyokuwa na bomu ilikabidhiwa kwa mlipuaji akiwa ameshavuka ukaguzi. Ndege ilifanikiwa kurudi na kutua. Lile lilikuwa bomu, si utekaji, lakini bastola ingeweza kupita njia ile ile. Na Karachi, Septemba 1986, watekaji wa ndege ya Pan Am hawakupanga foleni kabisa: walikuja na gari lililofanana na la usalama wa uwanja, wamevaa sare.

Inamfaa nani. Wote, lakini zaidi yule asiye na kinga nyingine. Nitarudi kwa ndege ndogo baadaye.

## Njia ya pili: mlango wa chumba cha rubani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mlango ndio unaosifiwa na kulaumiwa kuliko vyote, na kwa sababu ukanda wetu una historia nao ambayo haisimuliwi vya kutosha.

Inamzuia nani. Yeyote aliye kwenye sehemu ya abiria, awe na silaha au asiwe nayo. Hapa ndipo mlango unapoupita ukaguzi.

Chukua safari mbili za kuja Nairobi. Ya kwanza, Ethiopian Airlines namba 961, Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa tarehe 23 Novemba 1996. Vijana watatu waliingia chumba cha rubani wakisema wana bomu. “Bomu” lenyewe lilikuwa chupa ya kinywaji iliyofunikwa. Shoka na kizima moto walivyoshika vilikuwa mali ya ndege. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa Addis haukuwa umepitisha silaha yoyote ya maana. Walitaka wapelekwe Australia. Kapteni Leul Abate, ambaye hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kutekwa, aliwaeleza mafuta hayatoshi; wakamjibu kwamba wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege kuwa aina hiyo huweza kuruka saa 11. Akafuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, kisha akakata kuelekea Komoro. Mafuta yakaisha. Ndege ikaangukia majini karibu na ufukwe wa hoteli ya Le Galawa, Ngazija, mbele ya macho ya watalii. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwemo Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984.

Ya pili, British Airways namba 2069, Boeing 747 kutoka London Gatwick, tarehe 29 Desemba 2000. Juu ya Sudan, alfajiri, abiria mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili aliingia chumba cha rubani na kuning’inia kwenye usukani wakati kapteni William Hagan akiwa mapumzikoni. Ndege iliinua pua, ikapoteza mwendo, ikaporomoka. Hagan alirudi mbio, akapambana na mtu huyo, akaumwa sikio na kidole, akamtia kidole jichoni, na abiria wakasaidia kumvuta nje. Watu 398 walikuwa ndani, na ndege ilifika Nairobi salama. Yule bwana hakuwa na silaha ya kukamatwa na mashine yoyote.

Visa vyote viwili vingeweza kuzuiwa na mlango mmoja imara uliofungwa, na vyote viwili vilitangulia Septemba 2001. Dunia ilisubiri New York ndipo ikanunua kufuli.

Tangu tarehe 1 Novemba 2003, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linataka ndege ya abiria yenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 45,500, au yenye viti zaidi ya 60, iwe na mlango unaostahimili risasi za silaha ndogo, vipande vya guruneti na mtu anayejaribu kuuvunja. Unafungwa milango ya nje ikishafungwa, na unabaki hivyo hadi abiria waanze kushuka.

Inagharimu nini. Unalipa mara moja, unabeba uzito wake kila safari, na rubani anaishi kifungoni. Hili la mwisho si dogo. Rubani naye huenda chooni, na mlango unaofunguka dakika moja ni mlango uliofunguka. Ukikaa viti vya mbele utaona mhudumu anavuta toroli la chakula na kulikingamisha kwenye njia, anasimama nyuma yake hadi rubani arudi. Juni 2023 Marekani ilipitisha kanuni ya kuweka kizuizi cha pili kwenye ndege mpya za abiria za mashirika yake, ili kazi ya toroli ifanywe na kitu kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Ukigeuzwa inakuwaje. Mlango haumjui mwema wala mbaya. Unamtii aliye ndani. Mhudumu anaweza kubonyeza namba za dharura kama marubani wamezimia, lakini aliye ndani akigeuza swichi upande wa kufunga, namba zinakataliwa kwa dakika kadhaa. Swichi hiyo iliwekwa ili mtekaji aliyemtesa mhudumu hadi akamtajia namba asiweze kuingia. Tazama sasa. Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya LAM, shirika la Msumbiji, kutoka Maputo kwenda Luanda: rubani msaidizi alitoka kwenda chooni, kapteni akajifungia na kuiangusha ndege kaskazini mwa Namibia, watu 33 wakafa. Kinasa sauti kilinasa mtu akigonga mlango. Tarehe 17 Februari 2014, Ethiopian Airlines namba 702 kwenda Roma: kapteni alitoka, rubani msaidizi akajifungia, akaipeleka ndege Geneva, akateremka kwa kamba kupitia dirisha na kuomba hifadhi. (Ndege za kivita za Italia na Ufaransa ndizo zilizoisindikiza, za Uswisi zilikuwa zikifanya kazi saa za ofisi tu.) Mwaka mmoja baadaye, 24 Machi 2015, Germanwings namba 9525 iligongeshwa milimani Ufaransa na rubani msaidizi wake, watu 150 wakafa. Kapteni alikuwa nje ya mlango, anajaribu kuuvunja.

Baada ya Germanwings, Ulaya ilishauri kuwe na watu wawili chumbani wakati wote. Rubani akitoka, mhudumu anaingia kukaa. Mwaka 2016 ushauri ukalegezwa na mashirika yakaachiwa yapime yenyewe. Wanaopinga wana hoja: kila kubadilishana ni mlango kufunguka mara nyingine, na mhudumu aliyeketi pale hawezi kumzuia rubani aliyedhamiria. Mimi nauona utaratibu wa watu wawili bado una faida, hata kama ni ile ya kuwepo jicho la mtu mwingine tu, lakini sioni ujinga kwa anayeukataa.

Inamfaa nani. Ndege kubwa yoyote, na hapo hakuna uchaguzi, ni sheria. Uchaguzi uliobaki ni wa nyongeza: kizuizi cha pili, kamera ya kumwona anayegonga, watu wawili chumbani, na jinsi shirika linavyofuatilia afya ya akili ya marubani wake bila kuwafanya waifiche.

## Njia ya tatu: askari kanzu ndani ya ndege

Inamzuia nani. Kikundi kidogo chenye silaha nyepesi, na zaidi yule anayebahatisha, kwa kuwa hajui aliyekaa kiti cha 12C ni nani. Siku ile ile ya Septemba 1970, wawili waliofanikiwa kupanda El Al walijaribu kuiteka. Rubani aliizamisha pua ya ndege ghafla wakayumba. Mmoja akapigwa risasi na kufa, mwenzake, Leila Khaled, akakamatwa, na ndege ikatua Heathrow. Ethiopian Airlines, shirika lililoonja utekaji mara nyingi, nalo huweka walinzi: mwaka 2002 watu wawili waliojaribu kuiteka ndege yake ya ndani iliyotoka Bahir Dar waliuawa na walinzi hao.

Inagharimu nini. Pesa nyingi sana. Mlinzi ni kiti ambacho hakiuzwi, pamoja na mshahara, mafunzo ya kulenga shabaha kwenye njia nyembamba yenye vichwa vya watu pande zote mbili, hoteli na posho. Marekani hutumia mamia ya milioni ya dola kila mwaka kwa kazi hii na bado haiwezi kuweka mlinzi kwenye kila safari. Mwaka 2001 ilikuwa na walinzi 33 tu, wote wakipangwa safari za nje. Ndege nne zilizotekwa Septemba 11 zilikuwa za safari za ndani. Kisha kuna karatasi: bastola inayovuka mpaka inahitaji ridhaa ya nchi inayotua, na si kila nchi itakubali.

Ikishindwa inakuwaje. Vibaya sana. Novemba 1985, kwenye EgyptAir namba 648 iliyotoka Athens, mlinzi alimuua mtekaji mmoja, akapigwa naye, risasi zikatoboa bodi na hewa ikaanza kutoka. Ndege ikalazimika kutua Malta. Watu wapatao 60 walikufa, wengi wakati makomando wa Misri walipoivamia ndege. Mwaka uliofuata, siku ya Krismasi, walinzi wa ndege ya Iraqi Airways walipambana na watekaji, maguruneti yakalipuka, na ndege ikaanguka Saudi Arabia. Walikufa 63 kati ya 106. Hata pasipo mtekaji, bunduki inatafuta kazi: Desemba 2005 huko Miami, walinzi wa angani walimuua kwa risasi abiria aliyekuwa na ugonjwa wa akili, ambaye hakuwa na bomu wala silaha.

Inamfaa nani. Shirika linaloandamwa na kikundi kinachojulikana, au safari zinazopita penye vita. Kwa shirika la kawaida lenye ndege chache, pesa hiyo hiyo ikiwekwa kwenye ukaguzi huenda ikafanya kazi kubwa zaidi.

## Njia ya nne: rubani mwenye bastola

Hii nitaipitia haraka, maana nje ya Marekani ina wafuasi wachache. Marekani ilianza mwaka 2003 kuwapa mafunzo na bastola marubani wanaojitolea. *Inamzuia* aliyeshauvuka mlango, mahali ambapo hakuna mwingine wa kumzuia. *Inagharimu* kidogo ukilinganisha na mlinzi, kwa kuwa rubani yumo ndani tayari. *Ikishindwa*, bastola iko chumba kile kile chenye usukani: Machi 2008 ya rubani wa US Airways ilifyatuka kwa bahati mbaya ndege ikikaribia kutua Charlotte, risasi ikatoboa ubavu wa chumba, na kwa bahati nzuri ndege ikatua salama. *Inamfaa* nchi kubwa yenye safari nyingi za ndani, sheria moja ya silaha, na marubani wengi waliotoka jeshini. Dar kwenda Nairobi ni mpaka mmoja na sheria mbili. Na mtu aliyekwisha kusoma habari ya LAM atauliza, kwa haki, kama anataka kuongeza bastola humo.

## Njia ya tano: wahudumu waliofunzwa na abiria walio macho

Inamzuia nani. Mtekaji mmoja au wachache wenye visu, na mgonjwa wa akili aliyeanza vurugu. Kabla ya 2001 somo la wahudumu lilikuwa tii, tua, wacha serikali zijadiliane. Kwa watu kama wale wa mwaka 1982 lilikuwa somo sahihi. Septemba 11, abiria wa United namba 93 walipopata habari kwa simu kwamba ndege nyingine zimegongeshwa kwenye majengo, wakaelewa kwamba kutii hakutawaokoa, na wakawavamia watekaji. Ndege ikaanguka shambani Pennsylvania badala ya kufika ilikokuwa inapelekwa. Juni 2012, kwenye ndege ya Tianjin Airlines iliyotoka Hotan, China, wahudumu na abiria waliwadhibiti watekaji sita na ndege ikarudi ilikotoka.

Wahudumu wana silaha nyingine, nayo ni kuwahi. Karachi 1986 waliwatahadharisha marubani mara tu watekaji walipoingia. Marubani wakatoroka kupitia tundu la juu, na ndege haikuweza kwenda popote. Watu 20 hivi waliuawa usiku ule, na kuna wanaosema marubani waliwatelekeza abiria. Mimi siafiki: ndege yenye watu mia tatu na kitu ikiwa chini haiwezi kugeuzwa kombora.

Inagharimu nini. Siku za mafunzo na mishahara inayomfanya mhudumu mzoefu asiondoke. Ndiyo njia nafuu kuliko zote.

Ikishindwa inakuwaje. Abiria hawana mafunzo, wana hofu. Agosti 2000, kwenye safari ya Las Vegas kwenda Salt Lake City, kijana wa miaka 19 aliyevamia mlango wa marubani alidhibitiwa na abiria hadi akafa. Na kuna wakati kutii bado ni busara: Machi 2016 rubani wa EgyptAir aliyetishwa na mkanda wa mabomu alitua Larnaca, Cyprus, kama alivyoamriwa. Mkanda ulikuwa bandia, na watu wote wakatoka salama. Asingeweza kujua ni bandia akiwa angani.

Inamfaa nani. Shirika lolote, na hasa lile ambalo haliwezi kumudu kinga nyingine.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Unaendesha ndege ndogo, tuseme Caravan ya abiria 12 hivi kati ya Dar, Zanzibar na Mafia, au kwenda viwanja vya mbugani. Kanuni ya viti 60 haikugusi, na ndani hamna mahali pa kuweka mlango. Abiria wa safu ya kwanza anaona mabega ya rubani na saa zake zote, na pengine mgeni mmoja amekaa kiti cha rubani msaidizi akipiga picha. Hapo kinga yako karibu yote iko chini. Mkague kila abiria hata kama ni mteja wa kila wiki, hakikisha jina la kwenye orodha ndilo la kwenye kitambulisho, na uwe na msimamo juu ya nani anakaa kile kiti cha mbele. Aliyelewa asikae hapo. Kama uwanja unakotua ni nyasi na kibanda, upekuzi ni wa mikono yako mwenyewe.

Una ndege za masafa marefu. Mlango unao. Usipoteze muda kubishana juu yake. Bishana juu ya dakika zile unapofunguliwa, na juu ya nani anabaki ndani. Mipango ya afya ya akili ya marubani iwe ya kumsaidia mtu arudi kazini. Ikiwa kukiri ugonjwa ni kupoteza leseni moja kwa moja, hakuna atakayekiri.

Unaruka kwenda mahali penye vikundi vyenye silaha. Hapo hoja ya askari kanzu ina uzito, lakini kwanza angalia uwanja wa huko unakaguliwa na nani, na wafanyakazi wake wa chini wamechunguzwa na nani. Mashirika mengine huwalipa wakaguzi wao wenyewe wasimame chini ya ngazi ya ndege na kurudia upekuzi. Ni nafuu kuliko bunduki angani.

Uko kwenye kamati yenye bajeti finyu. Mashine mpya hupigwa picha siku ya uzinduzi. Mkaguzi aliyechoka hapigwi. Anza na mishahara na urefu wa zamu, fuata na uchunguzi wa wenye vitambulisho vya kuingia sehemu za ndani, mashine baadaye. Kenya ilipotaka safari ya moja kwa moja ya Nairobi kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018, haikutosha kuwa na ndege na marubani. Uwanja wenyewe ulibidi uridhiwe na Wamarekani.

Wewe ni abiria. Huchagui chochote kati ya haya, ila unaweza kutowakera wanaoyatekeleza. Ukimwona mhudumu amesimama nyuma ya toroli mbele ya mlango wa rubani, subiri hadi aondoke ndipo uende chooni. Na sikiliza maelezo ya jaketi okozi: pale Ngazija wengi walijaza majaketi upepo wakiwa bado ndani, maji yakawainua hadi darini na wakashindwa kutoka.

Unajiandaa na mdahalo. Ukitetea mlango, mpinzani wako atakuja na Germanwings; mwulize angefanya nini na ile 747 ya Nairobi ya mwaka 2000. Ukiupinga, tegemea kuulizwa swali hilo hilo, na usisimame kabla ya kupata jibu lake. Ukitetea walinzi, jiandae kwa Malta. Ukitetea ukaguzi, kuna chupa na shoka la mwaka 1996 vinakusubiri.